Sahihi ya mgonjwa si ruhusa ya kumfanyia lolote

Kwa Mhariri,

Kuna karatasi moja ya hospitali ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko wengi wanaoitia sahihi. Nina kibanda cha fotokopi karibu na lango la hospitali hapa Kisumu. Sitasema ni hospitali gani. Mji huu una za serikali, za misheni na za watu binafsi, na ninayoyaandika hayako nyuma ya lango moja tu. Watu huniletea vitambulisho, karatasi za SHA, ile bima ya afya ya serikali, barua za rufaa, majibu ya maabara, na haipiti wiki bila mtu kuniletea fomu ya kukubali upasuaji. Baadhi yao wanataka nakala. Wengi wanataka kuniuliza, "Mama, hapa wameandika nini?"

Anayeuliza hivyo mara nyingi ameshaweka kidole, na wino wa pedi ungali kwenye dole gumba lake. Ndiyo maana naandika.

Fomu yenyewe ni ya ukurasa mmoja, Kiingereza kitupu. Ina nafasi ya jina la mgonjwa, ya aina ya upasuaji na ya jina la daktari aliyemweleza. Kisha kuna sentensi ndefu isemayo kwamba mgonjwa amekubali pia upasuaji mwingine wowote utakaoonekana wa lazima akiwa mezani, pamoja na dawa ya usingizi au ganzi ya aina yoyote. Chini ni sahihi, shahidi, tarehe. Nimeshika fomu nyingi ambazo aina ya upasuaji haijaandikwa, daktari hajatajwa, lakini sahihi ipo. Mfanyabiashara wa soko la Kibuye ukimpa hundi isiyoandikwa kiasi aitie sahihi, atakufukuza dukani. Mtu huyo huyo akilazwa, karatasi inayohusu mwili wake ataisaini ikiwa tupu, kwa sababu aliyemletea amevaa koti jeupe na ana haraka.

Nianze na jambo tulilolizoea mno hata hatulioni tena: sahihi ya mume. Mwezi wa Machi alikuja msichana mbio, simu mkononi. Wifi yake alikuwa wodini akisubiri kutolewa uvimbe kwenye kizazi, na muuguzi alikuwa amesema bila sahihi ya bwana hapelekwi thieta, chumba cha upasuaji. Bwana yuko Nairobi, anafanya kazi ya mjengo. Walikuwa wamempigia picha ile fomu na kumtumia kwa WhatsApp, akaichapisha huko aliko, akaitia sahihi, akaipiga picha tena na kuirudisha. Sasa ikawa kazi yangu kuitoa kwenye karatasi. Picha ilikuwa na giza, kivuli cha mkono wake kimefunika nusu ya ukurasa. Tukaiongezea mwanga, ikatoka imeungua. Tukaipunguza, sahihi ikapotea. Msichana akampigia kaka yake atume nyingine, simu imezimwa, nadhani fundi mkuu hataki simu kazini. Ilipofika saa nane, zamu ya thieta ilikuwa imekwisha na mgonjwa akaambiwa angoje wiki nyingine.

Huyo mgonjwa ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana akili zake timamu, anasahihisha madaftari ya watoto sitini, na sahihi yake mwenyewe ilikuwa tayari kwenye fomu. Iliyokosekana ni ya mtu ambaye hakatwi.

Niliuliza sheria inasemaje, maana nina jamaa anayefanya kazi kwa wakili na nyaraka zao nazitoa mimi. Akanisomea Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 9. Ridhaa hutolewa na mtu mwenye uwezo wa kisheria wa kuitoa, naye awe amekwisha kupewa maelezo. Jamaa wa karibu huja pale ambapo mgonjwa mwenyewe hawezi kutoa ridhaa, na hakuna aliyeachiwa jukumu hilo kwa maandishi au kwa mujibu wa sheria. Mtu aliyepoteza fahamu, kwa mfano. Mwalimu aliyeketi kitandani akisubiri chai ya saa kumi si mtu asiyeweza kutoa ridhaa. Nikamwuliza jamaa yangu mara mbili kama kuna mstari unaomtaja mume. Hakuuona. Mazoea haya yametoka wapi basi? Kuna muuguzi, mteja wangu wa siku nyingi, aliyenijibu bila kuficha: waume huja baadaye kupiga kelele wodini, na hospitali inataka karatasi ya kuwanyamazisha. Namwelewa. Lakini hapo fomu imeacha kumlinda mgonjwa, inalinda meza ya muuguzi.

Wanaokwenda kuwekewa sindano au kijiti cha kupanga uzazi nao wananiambia wanaulizwa, "Mzee wako anajua?" Mtu mzima ana haki ya kujibu kwamba hilo ni lake.

Sasa niseme la nyumbani kwangu, kwa sababu hapo ndipo nilipoacha kuona hii kama habari za wateja.

Mimi ni Mmaragoli niliyeolewa Ahero, kwa Wajaluo wanaosema Dholuo. Baba mkwe wangu amelima mpunga maisha yake yote, miguu ndani ya maji na matope tangu kijana, na kwa miaka mingi amekuwa na kisukari. Watu wa kisukari wanajua: mguu hufa ganzi, unaumia bila kusikia. Alijikata kwa fyekeo chini ya wayo, akafunga kitambaa, akaendelea kulima. Tulipomleta Kisumu vidole viwili vilikuwa vyeusi na chumba kizima kilinuka.

Asubuhi madaktari walikuja raundi na wanafunzi wao. Walisimama miguuni pa kitanda kama watu kumi, wakafunua kidonda, wakazungumza Kiingereza wao kwa wao. Hakuna aliyemwuliza mzee kama wanafunzi waangalie, wala hakuna aliyemgeukia uso. Mmoja alimpapasa bega wakati wanaondoka. Mzee ananielewa mimi kwa Kiswahili cha shida na Dholuo changu cha sokoni. Kiingereza hajui hata salamu. Aliniuliza, "Mama, wamesema nini?" Nilikuwa nimesimama dirishani, na nilichosikia ni majina ya dawa.

Jioni akaja muuguzi na ile fomu. Alikuwa mpole, sina ubaya naye. Alisema kwa Kiswahili, "Mzee, kesho unaenda thieta, tunasafisha hicho kidonda. Weka kidole hapa." Mzee akaweka. Mimi nikashuhudia kwa macho yangu: mstari wa aina ya upasuaji ulikuwa hauna neno.

Kesho yake saa tisa alirudishwa wodini. Mguu wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya goti.

Alipozinduka na kuelewa, swali lake la kwanza halikuwa nani amefanya hivi. Aliuliza mguu uko wapi. Alitaka uzikwe nyumbani. Tukaulizia kwa muuguzi, muuguzi akaulizia thieta, thieta wakasema vitu kama hivyo hupelekwa kuchomwa, na vimeshapelekwa. Hakuna aliyefikiri kwamba hilo nalo ni la kuulizwa. Kwa daktari pengine ni taka za hospitali. Kwa mzee ule ulikuwa mguu wake, na mpaka leo ukikaa naye jioni ukamwacha aongee, ni hilo analolirudia kuliko maumivu.

Baadaye alihamishiwa kwingine kwa mazoezi ya viungo, faili ikahitaji kutolewa nakala, na nani aliitoa kama si mimi. Kwenye ile fomu kila kitu kilikuwa buluu: jina lake, tarehe, alama ya kidole. Aina ya upasuaji ilikuwa imeandikwa kwa wino mweusi, mwandiko mwingine, herufi zimebanwa ili zitoshe. Ukiiona nakala hutajua, mashine inafanya vyote vyeusi. Mimi nilikuwa nimeshika yenyewe.

Naomba nieleweke. Sisemi kukata kulikuwa makosa ya kitabibu. Huko alikohamishiwa tulimpata daktari kijana mwenye asili ya Siaya aliyevuta kiti, akakaa usawa wa macho na mzee, akamweleza kwa Dholuo kwamba sukari ilikuwa imeharibu mishipa ya damu, kwamba uozo ulikuwa ukipanda, na kwamba kukata vidole peke yake pengine kungewarudisha thieta mara ya pili na ya tatu, kama uozo usingeingia kwenye damu na kumuua kwanza. Maneno hayo hayakuchukua muda wa kunywa chai. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ningekataa siku mbili. Ningeita ndugu zangu wakae hapa, halafu ningekubali."

Hizo siku mbili ni zake. Huenda daktari angemwambia siku mbili ni nyingi, una mpaka kesho asubuhi. Sawa, hata hiyo ingekuwa mazungumzo.

Kwa hivyo sheria hii inadai nini kabla ya kidole kuwekwa? Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya kinataka mgonjwa aambiwe hali ya afya yake, aambiwe vipimo na njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake, gharama zake na matokeo yake, na aambiwe pia kwamba anaweza kukataa na kukataa huko kunaweza kumletea nini. Tena kinataka, pale inapowezekana, aelezwe kwa lugha anayoielewa, kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Hilo la lugha si hisani ya muuguzi mwenye moyo mzuri, ni agizo la Bunge. Na Katiba ya 2010 yenyewe inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Inakuwaje miaka yote hii fomu ya hospitali ya umma haina hata aya moja ya Kiswahili?

Angalieni pia neno gharama katika orodha hiyo. Kwa kawaida tunazisikia siku ya kuruhusiwa, kwenye dirisha la malipo, wakati mtu hawezi tena kuchagua lolote. Familia inauza ng'ombe kulipia kitu ambacho hawakuambiwa bei kabla ya kukikubali.

Najua watakaonijibu kwamba ajali ya bodaboda ikiletwa kutoka Kondele saa saba za usiku, damu inamwagika, hakuna wa kukaa akimweleza majeruhi faida na hatari. Ni kweli, na sheria imeliona. Inaruhusu matibabu bila ridhaa katika dharura, au pale ambapo kuchelewa kunaweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebika na mgonjwa hajakataa, au pale ambapo kuna amri ya mahakama, au pale ambapo kutotibu kunahatarisha afya ya umma. Na Katiba, Kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Hakuna anayewafunga madaktari mikono. Ila mzee wangu alilala wodini usiku mzima kabla ya kupelekwa. Mwalimu alingoja wiki. Wagonjwa wengi wanaopasuliwa magharibi mwa nchi hii hawaletwi na king'ora, wana tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Wengine hudhani haya ni maneno ya semina za Nairobi. Basi waende Bungoma. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya wilaya ya huko, na wauguzi wakamtukana na kumpiga makofi badala ya kumsaidia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, ikikaa Bungoma hapo hapo, iliamua kwamba haki na utu wake vilikuwa vimevunjwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Kesi ile haikuhusu fomu, ilihusu heshima. Lakini mama yule hakuwa tajiri wala mtu wa jina, na alisikilizwa.

Inayohusu ridhaa moja kwa moja ni ile ya wanawake wanaoishi na VVU waliofungwa mirija ya uzazi. Walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2014. Miongoni mwao kulikuwa na waliodai kwamba walitia sahihi bila kuelewa, na kwamba walibanwa kwa kuhofia kukosa maziwa ya mtoto na chakula cha msaada. Walingoja miaka mingi, mahakama ikakubali kwamba haki zao zilivunjwa. Mama aliyewekewa fomu mbele yake wakati uchungu unamkaba, au wakati anahesabu makopo ya maziwa, hajakubali kitu. Kufunga mirija ni jambo zuri kwa anayelitaka. Nina rafiki aliyelitaka, akalifanya, na anacheka nalo.

Kuna na kupimwa VVU bila kuambiwa. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu VVU na UKIMWI inataka ridhaa. Hata hivyo bado nakutana na watu wanaojua kwamba walipimwa pale tu wanapoona majibu kwenye karatasi wanayoniletea. Wanajua kupitia kwangu, mtu wa fotokopi! Hiyo si kazi yangu na si siri ninayopaswa kuijua.

Sitaki kuwaonea madaktari. Wapo wanaotoka kwenye zamu wamekonda. Kuna mmoja aliye mafunzoni anayekuja kwangu kutoa nakala za karatasi zake, aliniambia, "Mama, usiku niko peke yangu wodi nzima, unataka nikae na kila mmoja?" Ule mgomo wa 2024 uliochukua siku 56 ulihusu kwa kiasi kikubwa hawa hawa, kupangiwa vituo na kulipwa kwao. Najua kwamba serikali imewanyima wenzao wa kuwasaidia. Jibu langu ni kwamba asiachiwe yeye mzigo huu saa nne za usiku. Daktari mpasuaji aliyeamua asubuhi kwamba mguu unakatwa, yuko pale pale kitandani, mgonjwa yuko macho, wanafunzi wake wamesimama. Aeleze hapo. Wanafunzi wajifunze hilo pia, maana nalo ni udaktari. Kama hajui Dholuo au Kinyore, katika watu kumi waliosimama hapo hakosekani anayejua.

Na tusiwasukumie madaktari peke yao. Sisi familia tuna tabia yetu. Mzee akilazwa, anatafutwa mtoto aliye Nairobi, yule anayelipa. Daktari anaitwa kando kwenye korido, simu inawekwa spika, uamuzi unafanywa hapo, na mzee kitandani anaambiwa, "Usijali, utakuwa sawa." Nimesikia watoto wakimsihi daktari asimtajie mama yao neno saratani. Wanampenda, sina shaka. Lakini maelezo yale ni ya mwenye mwili. Mama wa miaka sabini aliyezika mume, akasomesha watoto sita kwa kuuza omena, mnaogopa hataweza kubeba habari za titi lake mwenyewe? Yeye ndiye mwenye mambo ya kupanga: shamba, deni la chama, nani amrithi kwenye meza yake ya sokoni. Mkimficha mnamnyima na huo muda.

Halafu kuna kukataa. Wagonjwa wengi wanaamini ukisema hapana umejifukuzisha hospitali. Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa, uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013, unaitaja haki ya kukataa matibabu, na haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Niliuliza watu waliopanga foleni kwangu kama wamewahi kuuona mkataba huo ukutani. Mmoja alisema ameuona, nyuma ya mlango, kwa Kiingereza. Anayekataa upasuaji leo hapaswi kunyimwa dawa ya maumivu kama adhabu. Aelezwe kwa upole nini kinaweza kumpata, iandikwe kwenye faili kwamba ameelezwa, na akibadili nia kesho apokelewe.

Ninachoomba kwa serikali za kaunti zetu, Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, Busia na nyingine, ni vitu ambavyo havihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Fomu iandikwe Kiswahili upande mmoja na lugha ya eneo upande wa pili. Isitiwe sahihi kama mstari wa upasuaji hauna kitu, na aliyeeleza aandike jina lake yeye, asitume mwingine na kalamu. Mgonjwa aombwe arudie kwa maneno yake kile alichoelewa. Akisema "kusafisha kidonda" na kwenye karatasi ni kukata mguu, hapo hapo mtajua kazi bado. Sahihi ya mume isidaiwe kwa mke mwenye fahamu zake. Swali la kiungo kitakachotolewa, kizikwe au kichomwe, liwekwe kwenye fomu. Na mgonjwa apewe nakala abaki nayo. Afisa mmoja aliwahi kunicheka nikimwambia hili, akasema hospitali haina pesa za karatasi. Kwangu ukurasa ni shilingi tano, na mimi napata faida humo.

Wahudumu wa afya ya jamii, wale waliogawiwa mikoba na simu mwaka 2023, nao watumike. Wanajua boma za watu na lugha zao. Wanaweza kumweleza mgonjwa kabla hajasafiri kwamba ana haki ya kuuliza na aulize nini. Siri za ugonjwa wake wasizibebe kijijini, hilo lisisitizwe.

Kwa aliyekwisha kufanyiwa bila kuelezwa, nimejifunza haya tukihangaika na faili ya mzee. Omba rekodi zako kwa maandishi, weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Kwa hospitali ya umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu. Wakinyamaza, peleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, hiyo watu wanaiita Ombudsman. Malalamiko dhidi ya daktari yanapelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Ya wauguzi na matabibu yana mabaraza yao. Sheria ya Afya inasema kila mtu ana haki ya kulalamika kuhusu alivyohudumiwa na lalamiko lake lichunguzwe, na kwamba utaratibu wa kulalamika ubandikwe hospitalini mahali unapoonekana. Usiandike kwa hasira. Andika nani alisema nini, saa ngapi, kwa lugha gani, na nani alikuwepo.

Barua ya mzee tumeiandika, ina kidole chake chini, na safari hii tulimsomea kila mstari kwa Dholuo kabla hajakiweka. Aliturudisha nyuma mara kadhaa, akataka tufute neno moja lililomfanya aonekane anaomba pesa. Anachotaka hospitali imjibu ni nani aliandika kwa wino mweusi, na lini.

Kwa wakuu wa afya wa kaunti, swali langu ni rahisi: fomu ya Kiswahili itakuwa tayari mwezi gani? Nasubiri jibu lenu kwenye ukurasa huu wa barua.

Mama Fotokopi,
Manyatta, Kisumu